Amonia kwenye moshi wa tanuri la tope la majitaka: dalili, chanzo na dawa yake

Kabla hujagusa pampu ya urea, hakikisha kwanza kwamba namba iliyo mbele yako imetoka kwenye moshi, haikuzaliwa ndani ya mpira wa kupitishia gesi, chupa za kuinasia au hesabu. Amonia ni gesi inayonata. Hukaa kwenye ukuta wa chuma uliolowa, huyeyuka kwenye tone la maji, huungana na haidrojeni kloridi ikawa unga mweupe, kisha saa kadhaa baadaye huachia na kupanda kwenye analaiza (mashine inayosoma gesi papo hapo) wakati tanuri lenyewe limetulia tuli. Makosa mengi ya kipimo hiki yako kati ya dohani na chupa, na huko ndiko pa kuanzia.

Maelezo haya yanahusu hasa matanuri ya kitanda cha mchanga, yaliyoenea Ulaya: mchanga wa moto unapulizwa hewa kutoka chini hadi unatokota kama uji, na tope lililokamuliwa linamwagwa humo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka moshi ukae kwenye nyuzi 850 kwa sekunde 2 au zaidi. Tope kavu huwa na naitrojeni ya asilimia 3 hadi 7 hivi. Tanuri likiwaka vizuri, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hutoka ikiwa gesi ya naitrojeni isiyo na madhara, na kiasi kidogo hutoka kama oksidi. Amonia inayobaki mara nyingi ni ile iliyopulizwa kwa makusudi, yenyewe au kwa njia ya urea, kupunguza oksidi hizo, ikapita bila kutumika. Ujerumani kikomo cha amonia ni mg 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku na mg 15 kwa wastani wa nusu saa. Namba zote hizo ni za gesi kavu, kwenye nyuzi 0, kilopaskali 101.3 na oksijeni asilimia 11. Sahau sharti moja kati ya hayo na kipimo chako hakilingani tena na kikomo.

Njia ya chupa, inayonasa amonia ya moshi ndani ya asidi, ndiyo hakimu. Mrija wa kioo au titani unaopashwa joto, chujio linalopashwa joto, chupa mbili zenye mL 100 za asidi ya salfuriki ya mol 0.05 kwa lita, chupa tupu ya tatu, ya nne ya silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), zote ndani ya barafu, halafu pampu na mita ya gesi. Ulaya hufuata EN ISO 21877 ya mwaka 2019, Marekani hufuata utaratibu uitwao CTM-027. Ukivuta lita 15 za gesi kavu kwa dakika kwa saa moja, unapata mita za ujazo 0.9. Mifano yote ya hapa chini inatumia kiasi hicho.

Namba iko chini mno, au ni sifuri kabisa

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote, kwa sababu hakuna anayelalamika. Namba ndogo inapendeza, ripoti inatumwa, na kosa linabaki palepale mwaka mzima.

Tafuta mahali palipopoa. Moshi wenye mg 10 za amonia na mg 10 za haidrojeni kloridi huanza kutoa chumvi ya amonia kloridi joto likishuka chini ya nyuzi 100 hivi. Gesi chafu, kabla ya kuoshwa, hugandisha mapema zaidi, karibu na nyuzi 130. Ndiyo maana mpira wa kupeleka gesi kwenye analaiza hupashwa hadi nyuzi 180. Lakini kioo cha kidhibiti joto kinachosema 180 kinaeleza joto la mahali thamokapo (kihisi joto) ilipofungwa, basi. Penye kasoro ni kwenye maungio: mrija unapokutana na chujio, chujio linapokutana na mpira, mpira unapoingia kwenye analaiza. Sentimita tano za chuma kisichofunikwa zinatosha. Fungua maungio hayo na uyachungulie kwa tochi. Ukiona unga mweupe au matone, umepata mwizi. Suuza unga huo kwa maji yasiyo na ayoni, upime amonia iliyomo, ndipo utajua ulikuwa unapoteza kiasi gani.

Pale ambapo salfa haijaondolewa kwenye moshi kuna mwizi wa pili, amonia baisalfeti. Hii huganda kwenye joto la juu kuliko kloridi, na juu ya nyuzi 147 huwa majimaji yenye kunata kama gundi. Nyuzi 180 hazitoshi kuizuia. Ukilazimika kupima sehemu hiyo, leza inayopita moja kwa moja ndani ya njia ya moshi ni bora kuliko mpira wowote.

Kisha tafuta uvujaji. Ziba mdomo wa mrija, washa pampu, fikisha mvuto uliotumia wakati wa kipimo na usome mita. Kanuni ya Marekani inakubali lita 0.57 kwa dakika au asilimia 4 ya mwendo wako, ile iliyo ndogo. Kuna ukaguzi mwingine mwepesi: pima oksijeni mwisho wa msururu wa chupa na ulinganishe na ile ya ndani ya dohani. Dohani ikisema asilimia 9 na mwisho wa msururu ukasema 12, robo ya ulichovuta ni hewa ya nje. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Ukirekebisha kwa oksijeni ya asilimia 12, iliyopimwa kwenye gesi ileile uliyoinasa, hesabu inajisahihisha kwa kiasi kikubwa. Ukirekebisha kwa asilimia 9 ya dohani, unaripoti pungufu kwa robo nzima. Basi pima oksijeni kwenye gesi uliyoinasa, kila mara. Uvujaji bado uzibe, maana hewa baridi inayoingia kabla ya chujio inapooza moshi na kukurudisha kwenye unga mweupe.

Sababu ya tatu ni chupa tupu iliyotangulizwa kukusanya maji ili asidi isifurike. Nia ni njema, lakini maji yanayodondoka humo yana asidi kutoka kwenye moshi wenyewe, nayo hunasa amonia kabla haijafika kwenye chupa ya asidi. Ukiyamwaga, umemwaga kipimo. Yaongeze kwenye sampuli pamoja na maji ya kusuuzia chupa.

Na hofu ya kufurika si ya bure. Moshi wa tope umejaa mvuke. Ukiwa na mvuke asilimia 35, mita za ujazo 0.9 za gesi kavu huja na maji karibu mL 390. Hata baada ya skraba (mnara wa kuoshea moshi kwa maji), moshi ukiwa umeshiba mvuke kwenye nyuzi 60, ni kama mL 180. Kwa mvuke wa asilimia 35, chupa ya mL 500 iliyoanza na mL 100 ya asidi itakaribia kujaa hadi mdomoni saa inapoisha. Tumia ya kwanza ya lita moja, au gawa kipimo katika nusu saa mbili.

Namba iko juu, lakini tanuri limetulia

Oksidi za naitrojeni hazijabadilika, joto halijabadilika, pampu ya urea inapiga kiasi kilekile, ila amonia imepanda. Kwa analaiza ya infraredi inayovuta gesi, sababu tatu zinashindania nafasi.

Ya kwanza ni kumbukumbu ya mpira. Amonia iliyonasa jana inaachia leo kwa sababu joto limepanda au mvuke umeongezeka na kuisukuma itoke kwenye ukuta. Njia ya kuitambua: ingiza gesi ya mtungi yenye amonia mg 10 kwenye mlango wa analaiza, uhesabu muda hadi ifike asilimia 90 ya thamani yake. Kisha ingiza gesi hiyohiyo kwenye ncha ya mrija, juu dohanini. Muda ukiongezeka kidogo, sawa, gesi imesafiri. Ukiongezeka kutoka dakika mbili hadi kumi na tano, mpira ni mchafu au ni baridi. Tazama pia inavyoshuka ukifunga mtungi: mkia mrefu ni ushahidi uleule. Rudia jaribio kwa gesi iliyopitishwa kwenye mvuke, kwa sababu gesi kavu hunata zaidi na itakulaghai. Regyuleta iwe ya chuma cha pua. Amonia hula shaba, na ukifunga regyuleta ya shaba nyeupe utapata kipimo kibaya leo na regyuleta yenye ufa kesho.

Ya pili ni maji yanayojifanya amonia. Analaiza hizi huitambua amonia kwenye mistari ya karibu na 930 na 967 kwa sentimita, na mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi navyo vina mistari jirani. Chora amonia na maji kwenye grafu moja kwa siku mbili. Vikipanda na kushuka pamoja kama mapacha hata pampu ya urea ikiwa imezimwa, shuku maktaba ya mawimbi ya maji, yaani mawimbi rejea yaliyohifadhiwa ndani ya mashine. Lisha analaiza naitrojeni iliyowekewa mvuke asilimia 20, kisha 30, bila amonia. Ikisoma juu ya mg 1, mtaalamu wa mashine aongeze mawimbi rejea ya maji yanayofikia kiwango chako halisi. Ethilini pia hukaa katikati ya mistari hiyo, kwenye 949. Inatokea pale tope linapoungua nusunusu, kwa hiyo amonia inayopanda pamoja na kaboni monoksaidi kwa mshtuko wa dakika chache yaweza isiwe amonia kabisa. Fungua mabaki ya wimbi, yaani sehemu ambayo mashine imeshindwa kuieleza, uone.

Ya tatu ni majivu. Chujio lililojaa majivu yenye chokaa huvunja chumvi za amonia na kuachia gesi, hasa likipata unyevu. Jaribu hivi: chukua gramu 10 za majivu kutoka kwenye chujio, tia maji mL 20 kwenye kikombe cha kioo, funika, kisha ning'iniza juu yake karatasi ya pH iliyoloweshwa. Ikigeuka buluu, amonia imo. Usiinuse kwa pua. Dawa ni kubadilisha chujio kila kipimo badala ya kila siku.

Upande wa leza inayopita ndani ya njia ya moshi, hakuna mpira wa kulaumiwa. Angalia kiasi cha mwanga kinachofika upande wa pili. Vumbi likizidi au hewa ya kulinda vioo ikipungua, mwanga unashuka na namba inaanza kurukaruka. Baada ya tanuri kuzimwa na kuwashwa, chuma hutanuka na kuipinda leza kidogo. Ilenge upya baada ya njia kupata joto lake la kazi, usiilenge ikiwa baridi.

Chupa ya pili ina amonia nyingi

Pima chupa ya kwanza na ya pili kila moja peke yake. Ya pili ikiwa na zaidi ya asilimia 5 ya jumla, kunasa kumelegea. Wengi hukimbilia kusema asidi imekwisha. Hesabu inakataa: mL 100 za mol 0.05 zina uwezo wa kushika amonia mg 170, na moshi wa mg 10 kwa mita ungehitaji mita za ujazo 17 kuimaliza. Tatizo huwa ni mwendo wa haraka unaorusha matone kutoka chupa moja kwenda nyingine, ncha ya mrija wa kioo iliyovunjika isiyozama vizuri, au barafu iliyoyeyuka bila mtu kuona. Punguza mwendo, zamisha ncha, ongeza barafu.

Ila ukipima mvuke wa kikaushio cha tope badala ya moshi wa tanuri, asidi kweli inaweza kwisha. Huko amonia hufika mamia ya miligramu na kupita. Tia matone ya methili redi kwenye chupa. Rangi ikigeuka njano wakati wa kipimo, simamisha.

Sampuli tupu si tupu

Sampuli tupu ni msururu mzima uliofungwa, ukapelekwa juu, ukapashwa joto, ukakaguliwa uvujaji, ukafunguliwa na kusuuzwa bila kuvuta moshi. Ikizidi asilimia 10 ya kikomo, yaani mg 0.9 ndani ya chupa zote kwa mfano wetu, siku hiyo haihesabiki.

Kituo cha majitaka chenyewe kinanuka amonia, na asidi iliyoachwa wazi inaivuta. Sabuni za kusafishia vioo mara nyingi zina amonia. Jasho, moshi wa sigara na hata pumzi ya mtu aliyeinamia chupa vinachangia. Jaza chupa kwenye chumba safi, ziba kwa vizibo vya kioo au tefloni, fungua juu dohanini tu, na suuza mara tatu kwa maji yasiyo na ayoni. Maji hayo nayo yapimwe. Baada ya kipimo, hakikisha pH iko chini ya 2, hifadhi kwenye baridi ya nyuzi 4 na upeleke maabara ndani ya wiki.

Maabara inayotumia kromatografia ya ayoni iambiwe mapema kama skraba inatumia soda kali. Sodiamu hutoka karibu sana na amonia kwenye grafu, na matone ya soda yaliyobebwa na moshi hufunika kilele kidogo cha amonia. Watatumia safu ndefu zaidi, watapunguza makali ya sampuli, au watapima kwa rangi ya indofenoli.

Analaiza na chupa havikubaliani

Kabla ya kugombana, fanya hesabu pamoja. Chukua mfano huu: maabara imepata amoniamu mg 18 kwa lita kwenye sampuli ya mL 250. Hiyo ni mg 4.5 za amoniamu. Kuifanya amonia, zidisha kwa 0.944: mg 4.25. Gawa kwa mita 0.9: mg 4.72. Oksijeni ilikuwa asilimia 9, kwa hiyo zidisha kwa (21 − 11) ÷ (21 − 9), yaani 0.833. Jibu ni mg 3.9.

Sasa tafuta penye kosa kwa ukubwa wa tofauti. Ukiona asilimia 6 juu, mtu amesahau 0.944. Maabara ikiripoti kama naitrojeni badala ya amoniamu, kizidisho ni 1.216, na asiyejua anaripoti pungufu. Analaiza ikionyesha ppm (sehemu kwa milioni) na mtu akazisoma kama miligramu, namba iko juu kwa theluthi moja, kwa kuwa ppm 1 ni mg 0.76. Leza ndani ya dohani husoma gesi yenye maji. Mvuke ukiwa asilimia 35, gawa kwa 0.65 upate ya gesi kavu, ongezeko la zaidi ya nusu. Tofauti kubwa kati ya leza na chupa karibu kila mara inaanzia hapo.

Hesabu zikiwa sawa na ugomvi unaendelea, tazama mahali. Karibu na nozeli za urea amonia haijachanganyika: upande mmoja wa njia una mg 20, mwingine 3. Pima kwa vituo kadhaa kwenye upana wa njia. Baada ya skraba kuna shida nyingine, matone. Kila tone limebeba amoniamu iliyoyeyuka, na mrija unaovuta kwa mwendo tofauti na wa moshi hukusanya matone mengi mno au machache mno. Hapo vuta kwa mwendo uleule wa moshi, ndani ya asilimia 90 hadi 110. Analaiza yenye chujio haitayaona matone hayo kama chupa zinavyoyaona, na tofauti itabaki hadi kikinga matone cha skraba kisafishwe.

Namba ni ya kweli, na iko juu

Sasa ndipo unapogeukia tanuri. Soma amonia pamoja na majirani zake.

Amonia juu, oksidi za naitrojeni chini: urea inazidi. Punguza kidogo kidogo, usubiri dakika 20 kila hatua.

Amonia juu na oksidi nazo juu: urea inafika pasipofaa. Nozeli imeziba au joto la juu ya kitanda limeshuka chini ya nyuzi 850, na kidhibiti kinaongeza dozi kikidhani kinasaidia. Usikiongezee. Chomoa nozeli moja moja, zitazame, ufuatilie unyevu wa tope, maana tope lenye maji zaidi hupooza tanuri kabla ya kitu kingine chochote kuonekana.

Amonia juu na kaboni monoksaidi juu: hewa haitoshi au haichanganyiki. Huu ndio ugonjwa wa matanuri ya zamani ya ngazi, ambako tope hukaushwa na moshi unaopanda, na gesi hutoka juu zikiwa na nyuzi 400 hadi 650 tu. Amonia na sianidi ya haidrojeni hutoka bila kuungua hata kama hakuna urea iliyotiwa. Dawa ni chumba cha kuunguzia moshi tena.

Amonia juu, kila kitu kwenye tanuri kiko sawa: nenda kwenye skraba na mita ya pH. Maji ya asidi huishika amonia kama amoniamu. Kwenye pH 9.25, joto la nyuzi 25, nusu yake iko huru, na kwenye maji ya moto nusu hiyo inafikiwa mapema zaidi. Mwendeshaji aliyeongeza soda ili kukamata salfa dayoksaidi anaweza kuitoa amonia yote iliyokusanywa tangu asubuhi. Skraba ya ngazi mbili itumie maji ya asidi kwanza, ya soda baadaye, na maji ya ngazi ya kwanza yatolewe mara kwa mara, bila kuyarudisha kwenye tangi la soda.

Moshi mweupe unaoanza mita chache juu ya mdomo wa dohani, ukiwa na nafasi wazi katikati, huenda ni amonia na kloridi zikigandia hewani. Mvuke wa maji huanza mdomoni hasa siku ya baridi na kupotea upesi, bali huu huvutika mbali. Ukiuona huku analaiza ikisema mg 2, rudi juu kabisa, kwenye maungio yaliyopoa.

Ukaguzi wa analaiza unakataa kufaulu

Kiwango cha Ulaya EN 14181 kinataka angalau vipimo 15 sambamba kwa njia ya chupa, vilivyoenea siku tatu. Kwenye tanuri zuri vyote 15 huangukia kati ya mg 0.5 na 2, vikawa fungu moja lisiloonyesha mstari wowote wa kulinganisha analaiza na chupa. Panga mapema na mamlaka ili wakati wa baadhi ya vipimo dozi ya urea ipandishwe, kikomo kikiheshimiwa, ama ongeza kwenye mstari pointi za gesi ya mtungi ya sifuri na ya juu. Kila badiliko la dozi lipe dakika 30 kabla ya kuanza kuvuta, vinginevyo utapima kumbukumbu ya mpira badala ya moshi.